Jaji Apewe Mizani Yake

Wananchi wa mikoa ya Shinyanga na Geita hawajaisahau tarehe 23 Septemba 2009. Siku hiyo Mahakama Kuu, ikiwa imeketi mjini Kahama, iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino katika wilaya ya Bukombe, ikawahukumu kunyongwa hadi kufa. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza katika nchi yetu kwa wauaji wa aina hiyo kufikia hukumu. Mwezi Novemba mwaka huo huo watu wanne wengine walipewa adhabu ile ile mjini Shinyanga, kwa kumwua mtu mzima mwenye ualbino. Na mwezi Machi 2015, Mahakama Kuu mjini Mwanza iliwahukumu kifo watu wanne tena, mmoja wao akiwa ni mume wa marehemu, kwa mauaji ya mwanamke mwenye ualbino yaliyotendeka Geita mwaka 2008.

Watu walishangilia hukumu hizo, wala si ajabu. Damu iliyomwagika katika vijiji vyetu na kandokando ya machimbo, kwa imani ya kijinga kwamba kiungo cha binadamu kitaleta dhahabu au utajiri, ilitutia aibu mbele ya dunia nzima. Watoto waliokimbizwa kutoka makwao na kuhifadhiwa katika shule ya Buhangija wamekuwa ushahidi ulio hai wa aibu hiyo. Hatutaki msomaji afikiri hata kidogo kwamba safu hii imesahau.

Hata hivyo leo twataka kusema juu ya mtu asiyependwa na yeyote: mfungwa aliyekwisha kutiwa hatiani, rufani yake ikatupwa, naye kutoka chumba cha waliohukumiwa kufa akaandika kuipinga adhabu yake. Watu wengi humwona mfungwa huyo kuwa ni mtu anayetafuta ujanja wa kukwepa haki. Sisi twadhani anaiuliza nchi swali la maana, na kwamba mikoa hii yetu, iliyoumizwa na mauaji kuliko mingi, ndiyo inayopasa kulisikiliza kwanza.

Swali lenyewe ni hili. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinaagiza kwamba mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, atahukumiwa kifo. Sheria haisemi kwamba anaweza kuhukumiwa kifo, inasema atahukumiwa. Mjamzito na mtu aliyekuwa hajatimiza miaka 18 ndio waliotolewa katika amri hiyo. Waliobaki wote jaji hana la kuwapimia. Katika wizi, jaji huuliza kilichoibwa kina thamani gani, aliyeiba amewahi kufungwa au hajawahi, ana umri gani, amejuta au hakujuta. Katika kosa lililo kubwa kuliko yote, ambalo adhabu yake haiwezi kurudishwa nyuma, sheria humfunga jaji mdomo. Akisha kusema "una hatia", neno linalofuata limekwisha kuandikwa na watu wengine, nalo liliandikwa kabla mshtakiwa hajazaliwa.

Mfungwa anayepinga jambo hilo hasemi kwamba hakuua. Pengine atasema hivyo katika rufani, lakini hapa hoja yake ni nyingine. Anasema: hata kama nimeua, nilistahili kusikilizwa juu ya adhabu kabla ya kupewa adhabu.

Hoja hii si ngeni nchini. Mwezi Juni 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Mbushuu na mwenzake lililosikilizwa Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa ni ya kikatili na inamtweza binadamu. Jamhuri ikakata rufani. Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni kweli adhabu hiyo ni ya kikatili na yenye kutweza, lakini ikasema kwamba Katiba inairuhusu kwa ajili ya masilahi ya umma, na kwamba ni juu ya jamii yenyewe kuamua kama bado inaihitaji. Hapo mlango wa mahakama zetu ukafungwa. Mwaka 2019 shauri jingine la kuupinga ulazima wa adhabu hiyo lilipelekwa Mahakama Kuu, nalo likakataliwa.

Kwa mfungwa aliyekwisha kupita Mahakama ya Rufani, njia iliyobaki ndani ya nchi ni nyembamba mno. Anaweza kuomba mapitio ya hukumu mbele ya mahakama ile ile iliyomkatalia, lakini kanuni za mahakama hiyo haziruhusu mapitio ila kwa sababu chache: kosa lililo wazi katika kumbukumbu, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu iliyopatikana kwa hila, na nyingine za namna hiyo. Ukali wa adhabu iliyoamriwa na sheria haumo miongoni mwake. Basi wengi walitazama Arusha.

Tanzania ndiyo mwenyeji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwezi Machi 2010 nchi yetu ilitoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuipelekea mahakama hiyo mashauri wao wenyewe. Wafungwa wa Tanzania wakaitumia nafasi hiyo kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Miongoni mwao alikuwamo Ally Rajabu na wenzake wanne, waliohukumiwa kifo na Mahakama Kuu mjini Moshi mwaka 2011, na ambao rufani yao ilitupwa mwaka 2013.

Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ilitoa uamuzi wake juu ya shauri hilo. Ilisema kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima ni kuondolewa uhai bila utaratibu wa haki, na kwa hiyo inavunja kifungu cha 4 cha Mkataba wa Afrika. Ilisema pia kwamba kunyonga kunavunja utu wa binadamu. Iliiamuru Tanzania iondoe ulazima huo katika sheria zake ndani ya mwaka mmoja, na iwasikilize upya wafungwa hao juu ya adhabu yao. Yafaa msomaji azingatie kile ambacho mahakama haikusema. Haikusema kwamba watu hao hawana hatia. Haikusema wafunguliwe milango waende makwao. Haikufuta hata adhabu ya kifo yenyewe. Ilisema tu kwamba jaji apewe mizani yake.

Siku saba tu kabla ya uamuzi huo, tarehe 21 Novemba 2019, Serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kuliondoa tamko lile la mwaka 2010, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango wa mtu binafsi kwenda Arusha ukafungwa. Mashauri yaliyokuwa yamekwisha kupokelewa yaliendelea. Tarehe 1 Desemba 2022 mahakama hiyo iliamua shauri la mwanamke aliyehukumiwa kifo mjini Mwanza mwaka 2011, ikasema yale yale. Ilipofika mwaka 2024 ilikuwa ingali ikiyarudia katika mashauri mengine ya Tanzania, na kifungu cha 197 kilikuwa hakijabadilika. Mahakama kusema jambo moja miaka mitano mfululizo kwa nchi iliyo mwenyeji wake si jambo la kujivunia.

Sasa tuje kwenye kiini cha maoni yetu. Wanaoutetea ulazima wa adhabu husema kwamba unaleta usawa: aliyeua ni aliyeua, tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, wote adhabu moja. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haielezi yanayotendeka. Tangu mwaka 1994 hakuna mtu aliyenyongwa nchini kwa amri ya mahakama. Rais Benjamin Mkapa na Rais Jakaya Kikwete, kila mmoja kwa wakati wake, walibadili adhabu za kifo za wafungwa wengi kuwa vifungo vya maisha. Rais John Magufuli alisema waziwazi mwezi Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Kaimu Jaji Mkuu kuwa Jaji Mkuu, kwamba hayuko tayari kutia saini amri ya kunyonga. Mwezi Desemba mwaka huo aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakingoja kifo, na mwezi Aprili 2020 akabadili adhabu za wengine 256.

Hatulaumu huruma hiyo, kwa kuwa Katiba, katika ibara ya 45, inampa Rais mamlaka ya kusamehe. Twauliza tu: katika mamia ya waliohukumiwa, nani alichagua kwamba huyu asamehewe na yule abaki? Kwa vigezo gani? Familia ya aliyeuawa iliulizwa lini? Ni dhahiri kwamba kazi ya kupima, ambayo sheria ilimnyima jaji, haikutoweka. Imehamishwa. Imetolewa katika ukumbi wa mahakama, ambamo mawakili wa pande zote husema, wananchi husikia, na sababu huandikwa na kukatiwa rufani, ikapelekwa katika majalada yasiyosomwa na umma. Adhabu iliyo moja kwa wote mahakamani imekuwa adhabu tofauti kwa kila mtu gerezani, wala hakuna ajuaye kwa nini. Huo si usawa. Ni bahati nasibu.

Tazama yanayotokea katika sehemu zetu hizi. Mwuaji mmoja ni mtu aliyepewa fedha akamvizia mtoto usiku ili amkate viungo. Wa pili ni mganga aliyepiga ramli, akamtaja bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi, hali macho yale yamewekundika kwa moshi wa samadi aliyoipikia maisha yake yote. Wa tatu ni kijana wa miaka 19 aliyeambiwa na wajomba zake asimame njiani aangalie kama kuna mtu anakuja. Wa nne ni baba aliyezika watoto watatu, akaamini kwa moyo wake wote kwamba jirani ndiye aliyewala, akachukua panga. Sheria yetu, tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, haikubali kwamba kuamini uchawi peke yake ni udhuru wa kuua, nayo ina haki, maana ikikubali hakuna kikongwe atakayesalimika. Na kwa kanuni ya nia ya pamoja, iliyo katika kifungu cha 23, aliyesimama njiani anaweza kuwa na hatia sawa na aliyeshika panga. Wote wanne ni wauaji. Lakini je, wote wanne wamefanya jambo moja? Hakuna mzee wa kijiji, akikaa barazani, atakayejibu ndiyo. Huko Katoro na Nyarugusu mnunuzi wa dhahabu hapokei punje hata moja bila kuiweka kwenye mizani. Katika shauri la uhai wa mtu mizani imeondolewa mezani.

Lipo jambo jingine ambalo historia ya mikoa hii inatukumbusha. Mwaka 1976 yalifanyika maongezi na misako mikali katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kukomesha mauaji ya namna hii hii. Nia ilikuwa njema. Lakini watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwenyewe hakumgusa mtu, alijiuzulu kwa kuubeba wajibu huo, na Wakuu wa Mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao wakaacha nafasi zao. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Wazee wetu wanayakumbuka hayo. Yanatufundisha kwamba pale uchungu wa umma unapokuwa mkali, ndipo maungamo ya uongo yanapopatikana kwa urahisi, na ndipo makosa yanapofanyika. Aliyefungwa kimakosa anaweza kutolewa. Aliyenyongwa kimakosa huombewa tu.

Tunajua jibu la ndugu wa marehemu. Watasema: ninyi mnahesabu haki za mwuaji, na wetu yuko kaburini, nani alimpimia yeye? Jibu hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Lakini hapana budi tuseme ukweli. Ulazima wa adhabu ya kifo haukuwalinda waliouawa. Sheria ilikuwa ni hiyo hiyo mwaka 2007 na 2008, mauaji ya wenye ualbino yalipokuwa yamepamba moto. Mwuaji hakuizuia mkono wake kwa kuogopa kitanzi, kwa sababu aliamini hatakamatwa. Kinachomtisha mhalifu ni uhakika wa kukamatwa: kituo cha polisi kilicho karibu, upelelezi wa kweli usiotegemea kipigo, shahidi anayelindwa, na mnunuzi wa viungo kutafutwa kwa bidii ile ile anayotafutwa aliyeshika panga. Wanunuzi hao, wenye fedha, ndio wasioonekana kizimbani. Hukumu ya kifo juu ya vijana wa kijijini imetupa hisia kwamba kazi imekwisha, kumbe mzizi uko pale pale.

Aidha, ndugu wa marehemu wamepewa nini na sheria hii? Wanaambiwa mwuaji atanyongwa. Miaka kumi inapita, ishirini inapita, hanyongwi. Kisha siku moja wanasikia redioni kwamba majina kadhaa yamesamehewa, bila wao kuulizwa neno. Laiti jaji angalikuwa na mamlaka ya kusikiliza hoja za adhabu, wao pia wangalisimama mbele yake na kueleza walichopoteza, na wangaliondoka na adhabu ambayo itatekelezwa kweli. Kifungo cha maisha kinachotekelezwa ni kizito kuliko kitanzi kisichotumika.

Wala tusiogope kana kwamba twaingia msituni pasipo njia. Malawi iliuondoa ulazima huu kwa uamuzi wa mahakama mwaka 2007. Mwezi Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Susan Kigula na wenzake 417, ilitamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba, na kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufani yake ya mwisho bila kunyongwa ahesabiwe kuwa amefungwa maisha. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Muruatetu, ilisema vivyo hivyo kuhusu kosa la mauaji. Katika nchi hizo adhabu ya kifo ilibaki katika vitabu, ila jaji alirudishiwa kazi yake. Wafungwa walirudishwa mahakamani, hoja zao zikasikilizwa. Wengine walipunguziwa, wengine hawakupunguziwa kitu. Magereza hayakumwaga wauaji barabarani.

Hapa kwetu pia sauti zimekwisha kusikika. Tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na ambayo ilikabidhi taarifa yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Julai 2023, haikuipita kando adhabu hii. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1995 kwamba ni juu ya jamii kuamua. Jamii huamua kupitia Bunge. Basi Bunge lisingoje mahakama, na mahakama isingoje Bunge, huku mfungwa akiwangoja wote wawili.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, Bunge likirekebishe kifungu cha 197 ili jaji, baada ya kumtia mtu hatiani kwa mauaji, awe na mamlaka ya kupima na kutoa adhabu inayolingana na tendo, kuanzia kifungo cha miaka hadi kile kikubwa kabisa ambacho Bunge litaona kinafaa. Pili, kila aliyehukumiwa chini ya sheria ya zamani arudishwe Mahakama Kuu mara moja tu, asikilizwe juu ya adhabu, akiwa na wakili aliyelipiwa na umma kama hana uwezo, na ndugu wa marehemu wapewe nafasi ya kusema. Tatu, Serikali ilirejeshe lile tamko la mwaka 2010, maana haifai mwenyeji kuwafungia watoto wake mlango wa nyumba aliyowajengea wageni. Nne, na hili ni kubwa kuliko yote kwa wakazi wa Shinyanga na Geita, fedha na nguvu zielekezwe katika kuwalinda vikongwe na wenye ualbino kabla hawajadhuriwa, na katika kuwafikia wenye fedha wanaoagiza mauaji.

Yule mfungwa anayeandika barua yake katika chumba cha waliohukumiwa huko Butimba au Isanga pengine ni mtu mwovu. Pengine alistahili adhabu kali kuliko zote. Lakini swali lake si lake peke yake. Anatuuliza kama hukumu zetu zinatolewa na majaji waliosikia na kupima, au na kifungu cha sheria kisichosikia wala kupima. Waliouawa katika vijiji vyetu walihukumiwa na watu ambao hawakutaka kusikia lolote. Tusiwaenzi kwa kufanya mfano wa jambo hilo kuwa sheria.